Kalamu ya Kwanza: Mhadhara juu ya Mifumo Inayounganisha Kazi za Biashara



Nimeombwa nizungumze juu ya programu za kompyuta ambazo hukusanya kazi zote za nyumba moja ya biashara, yaani ununuzi, bohari, uzalishaji, mauzo, mishahara na hesabu, zikaziweka chini ya mfumo mmoja. Muradi wangu ni kubainisha jambo moja tu: kwamba mfumo wa namna hii, ukiuvua mavazi yake yote, ni makubaliano ya watu ya kuliandika jambo mara moja na kuliamini andiko hilo nyumba nzima, na madhali ni hivyo, uzito wa nyumba yote humwangukia yule aliyeshika kalamu ya kwanza. Nimeyagawa maneno yangu katika hoja tano, nazo hazilingani kwa urefu, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani kwa kina.

Lakini kabla ya hoja niruhusuni nisimulie kisa. Mwaka 1991 nilikuwa karani wa mauzo katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa hapa Tanga. Tulikuwa na madaftari matatu. La mauzo lilikaa mezani kwangu. La bohari lilikuwa kwa mtunza bohari, ng'ambo ya uwanja. Na la hesabu lilikuwa ghorofani kwa mhasibu, mzee mwenye hati nzuri ya mkono ambayo sijaona mfano wake mpaka leo. Kila mmoja wetu alikuwa mwaminifu, na kila daftari lilikuwa safi, na kila Jumamosi baada ya adhuhuri tulikutana kuyalinganisha yote matatu. Basi Jumanne moja alikuja mwalimu mkuu kutoka milima ya Lushoto, na fedha zilizochangwa na wazazi, akanunua mabati 120 ya geji 30 ya kuezekea madarasa mawili. Nikamwandikia stakabadhi bila wasiwasi, kwa maana daftari langu, nililolisawazisha Jumamosi iliyopita, lilionesha mabati 340. Alhamisi akarudi na lori. Bohari ilikuwa na mabati 45. Mengine yalikwisha kutoka Jumatatu, kwa mkandarasi mmoja, kwa hati iliyotoka kwa mkubwa wetu ikaenda moja kwa moja bohari pasi na kupita mezani kwangu.

Masika yalikwisha kuingia. Mwalimu yule hakunitukana wala hakupaza sauti, aliketi juu ya mfuko wa saruji, akaitazama stakabadhi yenye sahihi yangu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, karatasi hii ni ya nini basi?" Sikuwa na jawabu siku ile, na kwa miaka mingi nimekuwa nikilitafuta.

Hoja ya kwanza: chanzo cha madaftari mengi

Madaftari yetu matatu hayakuwa uvivu wala ujinga. Yana nasaba ndefu. Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu chake cha hesabu, na ndani yake akaeleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakitunza hesabu zao kwa pande mbili, mdai na mdaiwa. Nao walikuwa na madaftari matatu: la kumbukumbu za papo kwa papo, la siku kwa mpangilio, na leja kubwa. Jambo lile lile liliandikwa, likanakiliwa, likanakiliwa tena. Kwa zaidi ya karne nne dunia ya tijara iliishi kwa kunakili, na palipo na kunakili pana muda wa katikati, na ndani ya muda huo ndimo mabati ya mwalimu wangu yalimopotelea.

Kompyuta zilipoingia viwandani na maofisini hazikuuondoa ugonjwa huu mara moja. Idara ya mishahara ilipata programu yake, bohari yake, hesabu yake. Yakawa madaftari yale yale, isipokuwa kwamba sasa yalikosana kwa kasi zaidi. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na watu wa viwanda katika miaka ya 1960 huko Marekani, miongoni mwao Joseph Orlicky, ambaye kitabu chake juu ya kukadiria mahitaji ya malighafi kilitoka mwaka 1975. Fikra yake naweza kuieleza kwa kitanda chetu cha kamba. Kitanda kimoja kina matendegu manne, mifumbati miwili na vitakizo viwili. Fundi akipokea oda ya vitanda 50, mahitaji yake ni matendegu 200, mifumbati 100 na vitakizo 100. Ikiwa karakana ina matendegu 60 yaliyokwisha kuchongwa, imebaki kuchonga 140. Na ikiwa kuchonga huchukua siku sita na mbao huchukua siku kumi kufika, basi siku ya kuagiza mbao inajulikana hata kabla ya msumeno kuguswa. Kila fundi wa Pangani analijua hili kichwani mwake kwa vitanda vitatu. Kwa mashine yenye vipande elfu kadhaa, kichwa hakitoshi. Muhimu kwetu ni kwamba hesabu hii imelazimisha oda ya mauzo, hazina ya bohari, kazi ya karakana na agizo la ununuzi zizungumze katika sentensi moja.

Mlango wa pili ulifunguliwa Ujerumani. Mwaka 1972 wahandisi watano walioacha kazi IBM walianzisha kampuni yao katika mji wa Weinheim, ambayo leo dunia inaijua kwa jina la SAP. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya ICI, mjini Östringen. Walitaka mambo mawili ambayo siku zile yalikuwa mageni: kwamba programu iandikwe mara moja kwa namna ambayo kampuni nyingi zitaweza kuitumia, na kwamba jambo liingizwe katika kompyuta pale pale linapotokea, badala ya kutobolewa kwenye kadi na kusubiri usiku. Herufi R waliyoiweka katika majina ya mifumo yao, R/2 ya mwaka 1979 na R/3 ya mwaka 1992, ilikuwa alama ya wakati ule ule wa tukio. Nawaomba mlishike neno hilo, wakati ule ule, kwani ndilo jawabu la nusu kwa swali la mwalimu.

Hoja ya pili: safari ya oda moja

Natamani sasa tumrejeshe mwalimu wetu dukani, leo, katika duka lenye mfumo mmoja, tuifuate oda yake hatua kwa hatua, maana katika jambo hili mfano mmoja uliofuatwa mpaka mwisho hufundisha kuliko sifa mia.

Karani anaandika: mabati 120, geji 30. Kabla ya kuikubali oda hiyo, mfumo unajiuliza maswali ambayo mimi mwaka 1991 nisingeweza kuyajibu ila kwa kuvuka uwanja na kupanda ngazi. Je, bei hii ndiyo iliyoidhinishwa? Je, mteja huyu ana deni, na kama analo, limefika kikomo? Na la tatu, ambalo ndilo kiini: mabati yaliyo huru ni mangapi? Tazameni tofauti hii kwa makini. Kuna mabati yaliyopo, na kuna mabati yaliyo huru. Yaliyopo hujulikana kwa kuyahesabu. Yaliyo huru hujulikana kwa kuondoa katika yaliyopo kila ahadi iliyokwisha kutolewa. Bohari inaweza kujaa mpaka darini na kusiwe na bati hata moja la kuuza. Daftari langu halikuwa na safu ya ahadi za watu wengine, na daftari lisilojua ahadi za wenzake humfanya karani mwaminifu aseme uongo.

Karani akithibitisha, mabati 120 yamefungwa kwa jina la mwalimu, na kila mwenye kutazama, awe kijana wa kaunta au mkubwa mwenye duka, ataona hayako huru tena. Siku ya lori, mtunza bohari anatoa mzigo na kuandika kwamba ametoa. Na hapa ndipo pana hikima yote. Kwa andiko hilo moja, kufumba na kufumbua, hazina ya bohari imepungua kwa 120. Na katika leja, bila mhasibu kugusa kalamu, thamani ya mali imeshuka na gharama ya bidhaa zilizouzwa imepanda kwa kiasi kile kile, pande mbili, kama alivyozieleza yule mtawa wa Venice. Ankara inatoka, kodi ya ongezeko la thamani imekwisha kutengwa, na fedha ya mwalimu imekutana na deni lake. Ikiwa mabati yaliyobaki yamepungua kuliko kiwango kilichowekwa, idara ya ununuzi inaletewa pendekezo la kuagiza mengine.

Mzigo mpya ukifika, mfumo haumlipi muuzaji kwa sababu tu ameleta ankara nzuri. Unalinganisha hati tatu: hati ya kununulia, inayosema tuliagiza nini na kwa bei gani, stakabadhi ya bohari, inayosema tumepokea nini hasa, na ankara, inayosema tunadaiwa nini. Tuliagiza 500, tumepokea 480, tunadaiwa 500: malipo yanasimama mpaka watu wazungumze. Kila moja ya hati hizo imeandikwa na mtu mwingine, katika chumba kingine, naye hana haja ya kuwajua wenzake ili awalinde. Mishahara, matengenezo ya magari na mengineyo hufuata mkondo huo huo, wala sitawachosha nayo.

Msingi uliowezesha haya ni kanzidata moja iliyo nyuma ya vyumba vyote. Nalipenda neno hili, kwa kuwa kanzi kwa wazee wetu ni hazina, na hazina haitawanywi ovyo. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alieleza namna ya kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana, na katika elimu iliyofuata, kanuni kuu ikawa kwamba ukweli mmoja ukae mahali pamoja. Anwani ya mteja isikae katika majedwali matano. Ikae katika moja, na mengine yaelekeze huko.

Hoja ya tatu: majina na vipimo

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo panaposahauliwa na wauzaji wa mifumo, na ndipo sisi watu wa pwani tuna la kusema.

Mashine haijui kwamba Mohamed, Muhammad, Mohammed na Muhamadi ni mtu mmoja mwenye duka la nguo barabara ya pili. Makarani wanne, kila mmoja kwa tahajia yake, wamemwandikisha mara nne. Ikiwa kila mteja ameruhusiwa kukopa mpaka shilingi milioni 5, basi bwana huyu, bila hila wala nia mbaya, ameruhusiwa milioni 20. Akilipa deni lake kwa jina moja, barua ya kumdai itamfuata kwa jina la pili. Atakasirika, na atakuwa na haki. Kwa hiyo, kabla ya programu kuwashwa, lazima watu waketi, kwa majuma na pengine kwa miezi, wakisafisha orodha ya wateja, ya wauzaji na ya bidhaa, jina moja baada ya jingine. Kazi hii haina utukufu, na nimeiona ikipewa vijana wa mafunzo ambao hawamjui mteja hata mmoja, ilhali ilistahili kupewa karani mkongwe kuliko wote.

Vipimo ni kadhia kubwa zaidi. Gunia ni kilo ngapi? Mkulima anayelilia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, anajua kwamba neno gunia, katika kinywa cha mnunuzi, linaweza kumpunja theluthi ya mavuno yake. Mfumo ukiandikiwa "gunia 100" utajibu "gunia 100" kwa adabu zote, na utazidisha, utatoa, na utalipa, na dhuluma itapita ndani yake imevaa kanzu safi. Au chukueni kanga. Kanga huuzwa kwa doti, na doti ni vipande viwili. Na kwa jumla wazee waliuza kwa korija, na korija ni 20. Sasa karani wa bohari akiandika korija moja, ameandika vipande 20 au doti 20? Katika duka la baba na mwana swali hili halizuki, kwa kuwa wote wawili wamelelewa na jawabu. Katika mfumo, jawabu lisilotamkwa si jawabu. Nimeshuhudia watu wa nyumba moja, waliofanya kazi pamoja miaka kumi na mitano, wakigundua mbele ya kompyuta kwamba hawajapata kukubaliana maana ya neno "imeuzwa": kwa mmoja ni mteja alipoahidi, kwa wa pili ni mzigo ulipotoka, kwa wa tatu ni fedha ilipoingia.

Hoja ya nne: waliojikwaa

Msidhani mambo haya huwashinda wanyonge peke yao. Hershey, watengenezaji chokoleti mashuhuri wa Marekani, walitumia takriban dola milioni 112 kwa mifumo yao mipya. Kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi 48 wakaibana katika miezi 30, wakaiwasha Julai 1999, wakati ambapo oda za sikukuu ya Halloween zilikuwa zikimiminika. Chokoleti zilikuwepo maghalani, na oda zenye thamani ya kama dola milioni 100 hazikutimizwa. Ndugu zangu, huyo ni mwalimu wa Lushoto aliyezidishwa mara maelfu, isipokuwa kwamba safari hii bidhaa ilikuwepo na andiko ndilo lililopotea.

Lidl, wenye maduka ya vyakula wa Ujerumani, walianza mwaka 2011 kujenga mfumo wao juu ya programu ya SAP, na mwaka 2018 wakauacha, baada ya gharama iliyotajwa kufika kama euro milioni 500. Miongoni mwa sababu zilizotangazwa, moja inastahili kuandikwa ukutani katika kila chuo cha biashara. Nyumba ile ilizoea kuhesabu thamani ya bidhaa zake kwa bei ya kununulia, na programu ilikuwa imeundwa kwa wale wanaohesabu kwa bei ya kuuzia. Hawakukubali kuacha ada yao, basi programu ikakatwa na kushonwa upya, tena na tena, mpaka ikawa haibebeki. Sisemi walikosea kuishikilia ada yao. Huenda ndiyo iliyowatajirisha. Nasema suala lile lilikuwa la kuulizwa siku ya kwanza, kwa maneno, kabla ya euro moja kutoka.

Hoja ya tano: amana ya mtunza bohari

Zamani kosa la mtunza bohari lilikuwa na nafasi ya kukamatwa. Lingekutana na Jumamosi yetu, lingekutana na miwani ya yule mzee wa ghorofani. Ucheleweshaji ule uliotutesa ulikuwa pia kichujio, na si haki kuusahau wema wake. Katika mfumo mmoja, tarakimu iliyoandikwa vibaya saa nane mchana imekwisha kuingia katika hesabu kuu saa nane na nusu dakika. Kasi ile ile inayobeba ukweli hubeba na kosa.

Ni ajabu, basi, kwamba katika nyumba nyingi mtunza bohari ndiye anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote walio na kalamu, ndiye anayefunzwa siku moja ilhali wakubwa wanafunzwa wiki mbili hotelini, na ndiye anayeachiwa kompyuta iliyochoka, penye vumbi na umeme wa kubahatisha. Dini yetu haikumdharau karani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani imeshuka juu ya kuandika madeni, na juu ya mwandishi na mashahidi, na wenye elimu waliomo humu watanisahihisha nikikosea. Namwomba kila mwenye biashara anayenisikia, akitenga fedha za mfumo, aanze kwa kumtengea mtunza bohari.

Fauka ya hayo, mfumo una ulinzi wake ambao sisi wenyewe huubomoa. Umewekwa ili anayeagiza asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayelipa. Lakini mmoja akienda likizo na kumwachia mwenzake neno lake la siri, kwa upendo na kwa kurahisisha kazi, zile hati tatu nilizozisifu zimeandikwa na mkono mmoja, na ulinganisho wake hauna maana tena. Neno la siri ni sahihi ya mtu, na sahihi haiazimwi.

Serikali yetu nayo imeingia njia hii. Malipo yake leo yanapita katika Mfumo wa Ulipaji Serikalini, na mwananchi anayelipa ada au tozo hupewa kwanza namba, ile ambayo sote tumezoea kuiita kontroli namba, ambayo huifunga fedha yake na deni lake tangu mwanzo. Mama anayelipia leseni hakuwahi kusikia habari za Weinheim, na hana haja nazo. Anachohitaji ni kwamba karatasi yake iwe na jawabu kwa swali la mwalimu: ni karatasi ya kitu kilichofungwa kwa jina lake, na kila chumba kinakijua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina ombi moja kabla sijashuka. Zipo leo programu za namna hii ambazo msimbo wake uko wazi, kama Odoo iliyoanzia Ubelgiji na ERPNext iliyoanzia India, na mwenye ujuzi aweza kuzichukua na kubadilisha maneno yanayoonekana kwenye kioo. Vijana wa vyuo walioketi huko nyuma wana ujuzi huo. Wasichokuwa nacho ni maneno, nayo yamo humu ukumbini: shehena, stakabadhi, ankara, bakaa, arbuni, hawala, dhamana. Tumefanya biashara na Hadhramaut na Gujarat kwa lugha hii ya Kiswahili kwa karne nyingi, na sioni kwa nini mtunza bohari wa Muheza aandike amana ya nyumba nzima kwa maneno anayoyabahatisha.

Nimeleta daftari tupu la kurasa 200. Baada ya sala ya isha nitakaa barazani hapo nje pamoja na vijana wawili wa kuandika, na mzee yeyote aliyefanya kazi bandarini, forodhani, katika mashamba ya mkonge au katika maduka ya nguo, namsihi asiondoke kabla hajatuandikisha neno lake, alilisikia kwa nani, na lilipima nini hasa. Tutaanza na korija.